Mbegu za Nyanya Alizoleta Nekesa

Qurum, Maskati

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Mwokozi. Goti linaendeleaje? Bado unapanda kile kilima cha kanisa kwa miguu, au umekubali kubebwa? Mimi mwili ni mzima, ila nina neno moyoni. Kwa simu ungekasirika ukakata, ndiyo maana nimeandika.

Ni ile habari ya nyanya. Uliniambia mbegu nilizotuma zilizaa vinyanya kama ndimu, vingine vyekundu, vingine rangi isiyoeleweka, wala si zile kubwa za rangi ya machungwa nilizokutumia picha. Ukasema wifi yangu Nekesa, aliyezipokea mjini akakuletea, alizibadilisha na kupeleka nzuri kwao, ukamkataza kuingia jikoni mwako. Nami nikakuunga mkono. Nilisema, "Huyo mtu hata mimi simwamini." Maneno hayo sasa yananichoma.

Nilikuwa nimebaki na nusu ya mbegu zile zile. Nilizitoa mwenyewe kwenye nyanya bora kuliko zote tulizovuna kutoka pakiti ya kwanza ya dukani, ile ambayo kipande kimoja kilifunika mkate. Joto lilipopungua mwezi wa kumi, nikampa Harun azipande nyuma ya nyumba. Harun ni mtunza bustani wa hapa, mtu wa Bangladesh. Amekaa kwa Bi Salha, tajiri wetu, miaka mingi kunishinda, hata Kiswahili amekiokota kwa huyo mama, maana Bi Salha alizaliwa Unguja. Aliitunza ile miche kwa moyo: aliifunga kwenye vijiti, akaondoa machipukizi ya pembeni, akaitandia wavu wa kivuli.

Zilipoiva, mambo yakawa kama ya kwako. Ndogo. Nyingine nyekundu kabisa.

Hapo nikakumbuka kwamba wakati wa kupanda nilimwona Harun akimpitishia mtunza bustani wa jirani karatasi iliyokunjwa, juu ya ukuta. Nikapanda kwenye ndoo nikachungulia. Mama, kwa jirani nyanya zilikuwa kubwa, rangi ya machungwa, zimelemea vijiti!

Tangu siku hiyo nilimchunga. Akicheka na mwenzake, najua ananicheka mimi. Akinyamaza, najua anaficha kitu. Sikujiuliza iweje watu wawili wasiojuana, mmoja huko na mmoja huku, watende wizi ule ule. Nikaenda kumwambia Bi Salha, naye akamwita pale pale uani.

"Harun, mbegu za mwenzio umezipeleka wapi?"

"Mimi hapana chukua, Mama. Wallahi."

"Na ile karatasi ya ukutani?" nikadakia.

"Pilipili, dada. Mbegu ya pilipili, ya kwetu."

"Pilipili ndiyo ya kukunjwa kwenye karatasi na kupitishwa ukutani?" nikasema. Nilisema hivyo mbele ya tajiri wake.

"Nna uzito wa kusema hivi," akasema Bi Salha, "lakini khaini sikai naye. Nitamwambia mwanangu akutafutie pahala pengine."

Harun hakubishana. Aliomba jambo moja tu, apelekwe kwenye duka ilikonunuliwa ile pakiti ya kwanza.

Kesho yake mtoto wa Bi Salha akatupeleka sote kwenye duka hilo, mtaa wa Wadi Kabir. Mwenye duka alisikiliza, akacheka, akaongea Kiarabu. Bi Salha akanigeukia.

"Anasema mbegu hii ya kuchanganywa, baba huyu na mama yule. Ukipanda za tunda lake, watoto hutoka kila mmoja na sura yake. Ukitaka zile zile, ununue pakiti mpya kila msimu. Na jirani yetu alikuja kununua yake hapa hapa."

Haibridi, Mama! Kama mahindi yetu. Wewe mwenyewe huwezi kupanda mahindi ya haibridi kutoka ghalani, unajua yatakavyotoka. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuwa nyanya nazo ziko hivyo. Tulifikiri ni mtu.

Tuliporudi nilichungulia tena ukutani, nikaona na miche ya pilipili. Nikamwomba Harun msamaha mbele ya Bi Salha. Akasema, "Hapana tabu, dada." Hakufukuzwa. Lakini siku hizi nikitokea bustanini, yeye huinua mikono yake, huigeuza, nione haina kitu. Nimemsihi aache. Hutabasamu, na kesho hufanya vile vile.

Sasa, Mama, nakuomba, usimtume mtu kwa Nekesa. Nenda mwenyewe, umwite arudi jikoni mwako, umwambie mbegu hazikubadilishwa na yeyote.

Nisalimie kaka Wekesa, umwambie sina kinyongo kwa alivyonikatia simu. Alikuwa anamtetea mkewe. Salamu pia kwa mjomba fundi cherehani, na kwa shangazi wa kwaya.

Nekesa simwekei salamu humu. Nilimpigia kabla ya kuandika, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimesikia, wifi. Na Mama je?"



Ni mimi mwanao akupendaye,
Nasimiyu