Mgeni wa Kijapani Aliyeninyima Sombe

Dada Zuhura,

Shikamoo kutoka kwenye baridi ya Johannesburg. Mdogo wako sasa ni mkalimani, usicheke! Mama Furaha, msusi wa Kikongo hapa Bertrams, aliniahidi sahani ya sombe, yaani kisamvu chetu, nikimtafsiria filamu ya Kijapani yenye maandishi ya Kiingereza huku yeye akimsuka mteja. Mpelelezi anamsaka aliyemuua mwanamke mmoja, mara mwanamke mwenyewe huyo chumbani kwa mpelelezi, nywele zinachuruzika maji. Chini wameandika “ghost”. Nikatangaza kwa sauti, “Mgeni kaja!”

“Sasa mbona hawamupe kiti?” akauliza Mama Furaha. “Na hizo nywele, akuye nimusuke.”

Mgeni akapenya ukutani.

“We kijana! Mgeni gani anapita mu ukuta?”

Eish! Kumbe ni mzuka. Nimelichanganya na “guest”, lile neno la kwenye vibao vya gesti za Tanga. Mteja akatimka na kichwa nusu kimesukwa. Mimi sikukimbia, dada, nilitangulia tu kuwafungulia mlango.

Sombe nimenyimwa. Wabusu wanao, na Mungu akuletee wageni wanaobisha hodi.

Wako msomi,
Shabani