Kilio cha Malkia Uani Kwako

Ndugu yangu Yona,

Jumapili iliyopita tulisoma tena tamthilia uani kwako, chini ya mzabibu. Nimeona ni haki uipate habari hii kwangu, maana ni mimi niliyezuia usomaji tangu ulipotutoka.

Unakumbuka tulivyogawana kazi baada ya kustaafu ualimu. Wenzetu walisoma wafalme, askari na wajumbe. Mimi nilisoma maelekezo ya jukwaani, kisha nikawahoji kuhusu msuko: kosa la mfalme lilianzia wapi, nani alimwonya, kwa nini hakusikia. Wewe uliwasoma wanawake, kwa sababu hapa mtaani kwetu Kikuyu hakuna mwanamume mwingine aliyekubali. Ulijitupia begani kitenge cha shemeji Dorika, ukawa malkia, wala hapakuwa na wa kukucheka.

Tulibishana sana. Nilishikilia kwamba tanzia husimama juu ya sentensi zake, na msomaji anayezivuruga humwua mfalme kabla ya wakati. Ukanijibu, "Mwalimu, wewe unasahihisha hata machozi."

Nakumbuka alasiri ile malkia alipoletewa maiti ya mwanawe. Uliangua kilio cha mama zetu wa Kigogo, kirefu, cha kupanda na kushuka. Hata ukurasa uliofuata tulikuwa hatujaufungua. Langoni palikuwa pamejaa majirani. Mbele alisimama Mama Zuhura, yule Mrangi wa nyumba ya pili, kanga kiunoni, mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake mtu alibeba ndoo ya unga. Walikuwa wamekuja msibani. Ulipowaeleza kwamba aliyekufa ni mtoto wa malkia wa kitabuni, Mama Zuhura alikitazama kitenge begani mwako, akasema, "Mwalimu, siku ukifa kweli hatutakuja." Tulicheka. Shemeji akausonga ule unga, tukala sote.

Yona, ikawa hivyo hivyo.

Ulianguka Jumapili moja ya usomaji, kabla sisi hatujafika. Shemeji alilia, majirani wakamsikia, wakaendelea na shughuli zao. Walidhani walimu wameanza mchezo wao. Nilimkuta ameketi sakafuni peke yake, kichwa chako mapajani mwake. Ni mimi niliyekwenda kugonga mlango kwa mlango. Mama Zuhura alinitazama usoni, akatoka nami.

Tulikuzika Hombolo, karibu na shamba la zabibu la baba yako. Matanga yalipoanuliwa, niliwaambia wenzetu kwamba usomaji umekwisha. Niliona kilio chetu cha kuigiza ndicho kilichomwacha shemeji peke yake na maiti. Tangu hapo nilizifungua tamthilia nyumbani, nikasoma kimya. Msuko upo, wahusika wapo, kila neno lipo mahali pake. Sauti yako haimo. Sikujua kama ukurasa unaweza kuwa mtupu na bado una maandishi.

Kisha shemeji akaniita. Alinipa kile kitenge, kimefuliwa na kupigwa pasi. Akasema, "Shemeji, njooni msome. Nimechoka kusikia kuku tu."

Tukaichagua ileile ya malkia. Hapakuwa na wa kumsoma, nikajitupia kitenge. Ungenicheka: nilimsoma malkia kama mkaguzi wa shule. Tukafika pale mwili unapoletwa. Kitabu kina maelekezo tu: malkia analia. Nikayasoma kama nilivyoyasoma miaka yote. Halafu, kwa mazoea, nikakusubiri.

Wenzetu waliinamisha vichwa. Upepo ulikuwa unapekua kurasa. Nikaendelea kukusubiri, Yona, mpaka nikaelewa kwamba baada yangu hakuna mtu mwingine wa kulia.

Nikalia. Hakikuwa kilio kizuri kama chako.

Lango likafunguliwa. Mama Zuhura, kanga kiunoni. Shemeji akamwambia asihangaike, ni tamthilia. Akajibu, "Najua. Siku ile nilichelewa." Akaketi mkekani kando ya shemeji, akamshika mkono, tukasoma hadi mwisho.

Kitenge kiko kwangu. Nitamsoma malkia kila atakapohitajika, muda wote nitakapokuwa na sauti, na kilio chake sitakisahihisha. Pumzika, ndugu yangu. Hapa uani kwako pana watu.

Mwenzako,
Elia