Fizi Nyembamba

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa meno kaingiza kijiti cha chuma kati ya fizi na jino langu la mbele, lile linalolegea. Akanipa kioo. Chuma kilionekana kupitia nyama — kivuli cha kijivu. Fizi yako nyembamba, Mwalimu. Fizi ya hivyo, anasema, mara nyingi hukaa juu ya mfupa mwembamba. Ila ugumu wa mfupa wenyewe hausomwi kwenye fizi. Ni kama kitambaa cha meza: hakikuambii kama mbao imeliwa na mchwa. Mfano huo ni wangu, aliupenda.

Kwenye fomu waliuliza: unatumia dawa ya mifupa? Nikaandika hapana.

Jumatano, 6 Machi
Mdogo wangu kapiga simu. Eti, kibogoyo hajambo? Anasema niache kiherehere, jino lenyewe moja tu. Sikumwambia habari ya fomu. Tangu nyonga ipate ufa nachomwa sindano ya mifupa kila miezi sita. Nilihofia nikisema, daktari ataninyima jino la kupandikiza, nibaki na pengo. Miaka thelathini na moja nimefundisha biolojia!

Ijumaa, 8 Machi
Picha ya taya imetoka. Mfupa mwembamba kwa mbele, lakini umeshiba, mgumu kuliko daktari alivyotarajia. Alifurahi. Mimi nilihisi shibe ile imetoka kwenye sindano. Jino litang'olewa Jumatatu, chuma cha kushikilia jino la kupandikiza kiwekwe baadaye.

Nyumbani nimesoma karatasi ya ndani ya boksi la sindano. Dawa huzuia mfupa usimomonyoke. Huuzuia pia kujijenga upya. Kwa wachache, jino likishang'oka, shimo halifungi. Mfupa wa taya hufa. Nimeisoma mara nne.

Jumatatu, 11 Machi
Niko kwenye kiti. Nimeshachomwa ganzi, daktari katoka kunawa. Muuguzi anapanga koleo. Kaniuliza, bibi unaandika nini, wosia? Tukacheka, mate yakanidondoka. Nimejaribu kumwambia. Ulimi mzito — hapana, si ulimi. Ni aibu. Basi naandika kwa herufi kubwa:

NACHOMWA SINDANO YA MIFUPA. YA MWISHO JANUARI. KWENYE FOMU NILIDANGANYA.

Daktari amerudi, anavaa glovu. Fungua mdomo, Mwalimu, hayo utayamalizia baadaye.

Sifungui. Namgeuzia daftari