Tia Mkono Ndani ya Glavu

Mpendwa shangazi,

Tangu magoti yako yalipokataa safari ukarudi Moshi moja kwa moja, hakuna tena anayeniita Bibi Kimya hapa Guangzhou. Nina swali la kukuuliza. Kwenye simu huwa nakwambia "salama" na "ndiyo" tu, halafu nampa baba, kwa hiyo nimeona bora niliandike.

Unakumbuka vile viatu vya shule pale soko la viatu la Liuhua? Nilikuwa na miaka kumi na moja, nawe ulinichukua nikutafsirie ulipokuja kununua mzigo. Laoban mwenye duka alikuwa amekuwekea jozi moja juu ya meza, nyeusi, inang'aa mpaka nikajiona. Wewe hukuigusa. Ulikwenda kwenye rundo, ukavuta katoni ya katikati, ukatoa kiatu na kutumbukiza mkono ndani mpaka kwenye kifundo. Laoban akacheka, akasema kiatu ni cha mguu, si cha mkono.

"Mwambie mguu wa mtoto hauna mdomo wa kuniambia," ulisema.

Sikuthubutu kutafsiri. Haikuhitajika, maana ulitoa kidole kikiwa na tone la damu. Msumari ulikuwa umechomoza kwa ndani. Ukanivuta mkono tukatoka. Njiani ukaniambia, "Macho huuziwa, mama. Mkono hauuziwi."

Nakumbuka pia ile mikoba ambayo hukuwa na uhakika nayo. Hukuinunua, na hukuikataa. Ulichukua dazeni moja ya kujaribu, ukaja nayo nyumbani, ukanipa kazi ya kufunga na kufungua zipu mchana kutwa mpaka kidole kikaota sugu. Baba alilalamika, "Dada, unapoteza siku nzima kwa zipu!" Ukamjibu, "Afadhali nipoteze siku hapa kuliko nipoteze wateja Moshi." Keshoye ulirudi ukaagiza mzigo mzima.

Sasa nikueleze kwa nini nimeyakumbuka haya.

Shule nimemaliza, kama unavyojua. Usichojua ni kwamba miaka yote ile nilikuwa mwandishi wa daftari la timu ya besiboli. Kucheza sikucheza hata siku moja. Nilikaa pembeni nikaandika nani amefanya nini, kazi isiyotaka sauti. Kocha Luo alipenda daftari langu, na nilipomaliza shule aliniomba nije Jumamosi kumsaidia kuwapima wasichana wadogo.

Mmoja wao ni Lan, ana miaka kumi na mitatu. Ni mdakaji. Yaani mrushaji anapovurumisha mpira, na mpigaji anapojaribu kuupiga kwa gongo, Lan ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na kinyago cha chuma usoni na glavu nene ya ngozi mkononi, audake. Mpinzani akikimbia kwenda kuiba kituo cha pili, yaani kukifikia bila mpira kupigwa, mdakaji anatakiwa autoe mpira kwenye glavu na kuutupa ng'ambo ya uwanja kabla mwizi hajafika. Hapo ndipo kocha hubonyeza saa.

Kulikuwa na nafasi moja ya mdakaji katika shule ya michezo, na wasichana wawili, Lan na Yun. Saa ilimpenda Yun. Lan alichelewa kila mara, na kila mara alimtazama kocha kabla hata mpira haujafika. Mama yake alikuwa ameshasema: asipochaguliwa atarudi mkoani kwa bibi yake kusoma huko, na huko hakuna uwanja wala timu.

Niliandika kwenye daftari: mkono mzito. Kila mtu alisema hivyo. Lakini niliendelea kutazama, shangazi, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa. Mrushaji mdogo alipokosea, akaanza kutetemeka, Lan aliufuta mpira kwenye suruali yake taratibu, akamrudishia kama anayempa chai. Mrushaji akatulia. Na mpira ulipodunda chini Lan hakuukimbia, aliupokea kwa kifua. Mtu wa namna hiyo anakuwaje na mkono mzito? Nikauangalia mkono wake wa kulia ukiingia kwenye glavu kuutafuta mpira. Ulikuwa unapapasa, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba usio wake.

Nikakukumbuka.

Wachezaji hawapendi mtu mwingine atie mkono kwenye glavu yao. Wanasema unaiharibu umbo. Nilijua hilo, na bado wakati wa mapumziko nilimfuata Lan nikamwomba.

"Dada, hapana," akasema, akaikumbatia. "Utaipanua."

"Kidogo tu."

"Unataka kuandika nini tena? Umeshaandika mkono mzito. Niliona."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikuondoka, na mwisho akanipa, bila kunitazama. Nikatia mkono. Ndani ya vidole vya glavu kulikuwa na soksi. Soksi mbili, zimekunjwa na kusukumwa mpaka mwisho. Glavu ilikuwa ya binamu yake mkubwa, na mpira ulikuwa unazama humo kama kwenye gunia.

Ilibidi niseme. Mbele ya kocha, mbele ya Yun na wenzake wote, nikasema, na sauti ikatoka nyembamba mpaka Yun akauliza, "Kumbe huyu huongea?" Wakacheka. Kocha Luo hakucheka. Alizitoa zile soksi moja moja, kisha akaenda kwenye gari lake akaleta glavu ndogo ya kuazima.

Laiti ningeweza kukuandikia kwamba Lan aliruka akamshinda Yun. Hakumshinda. Aliongeza kasi, kila mtu aliona, lakini Yun alibaki mbele. Kocha akanionyesha saa. "Umeona? Bado." Akanipa fomu. "Haya mwandishi, andika. Anafaa au hafai?"

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Nilikaa na kalamu. Nilitaka sana kuandika anafaa, kwa sababu ya bibi na mkoa na zile soksi. Lakini hiyo ingekuwa kununua kwa macho. Na kuandika hafai ingekuwa kukataa katoni ambayo hatujaifungua.

"Chukua dazeni," nikasema.

"Nini?"

Nikamweleza habari zako. Mkono kwenye kiatu, zipu, sugu ya kidole, yote. Sijawahi kuongea kwa urefu ule na mtu mzima. Kocha akaanza kutabasamu. "Mama yangu aliuza viatu Liuhua," akasema. "Watu kama shangazi yako walimkera sana."

"Walirudi?"

"Kila mwaka," akasema.

Jina la Yun lilipelekwa. Chini yake kocha aliandika la Lan, na maneno haya: apimwe tena baada ya mwezi mmoja, kabla shule haijaamua, akiwa na glavu yake mwenyewe. Mama yake amekubali kusubiri mwezi huo, si zaidi. Jana nilikwenda na Lan kuchagua glavu. Laoban wa duka la michezo alitutolea ya mezani, inang'aa. Nilikaribia kuichukua, nikajizuia. "Tia wewe," nikamwambia Lan, "mkono ni wako." Alijaribu tisa. Ya kumi alifunga vidole, akafungua, akafunga tena, nikajua.

Kama mwezi huu utatosha, sijui. Nikimtazama, sina hofu kama niliyotarajia. Nina hamu tu ya kujua kuna nini humo ndani, na ni mara yangu ya kwanza kuona kutokujua kunaweza kupendeza.

Basi swali langu ni hili. Ulikuwa na wakalimani wengi wa kuchagua, wanaoongea kama redio. Ukamchukua mtoto aliyetafsiri nusu ya maneno na kumeza nusu. Ulimrudia kila safari, miaka sita. Kwangu mimi, shangazi, ulitia mkono wapi?

Yakande magoti kwa maji ya moto. Nijibu kwa maandishi, nami nikipiga simu safari hii sitampa baba haraka.

Bibi Kimya wako,
binti wa kaka yako