Aba wa Mlangoni

Merti, Jumatano

Kwako Baba Mwongera,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta salama na lile goti limepoa. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Lori kutoka Isiolo lilikwama mchangani mara mbili, na mgongo bado unanikumbusha. Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu yamekosana siku nyingi, kwa hiyo nimempa dereva wa pikapu karatasi hii akuletee hapo sokoni unapouza miraa.

Sheikh alitwambia kwamba kunilea miaka ishirini hakukufanyi walii wangu, na kwamba wa kuniozesha kwa Noor ni aliyenizaa, maadamu yu hai. Basi nimempata mzee Sharamo. Macho yamepungua, lakini bado ni aba herega, yaani ndiye anayepanga zamu za kunywesha mifugo kisimani. Amekubali kuja kuniozesha Ijumaa ya wiki ijayo.

Njiani nilikuwa na muda mwingi wa kulifikiria hilo neno, aba. Fupi mno. Sisi Waborana tunasema aba, Wasomali aabo, Waturkana apa, ninyi Wameru baaba, Waarabu ab. Mwalimu wetu alisema huenda lilianza na watoto wachanga wakichezea midomo, wazazi wakadhani wanaitwa. Kwetu aba ni mzazi, na pia ni mwenye kitu au msimamizi wake, ndiyo maana hata zamu za kisima zina aba wake.

Sasa nikuambie ukweli, maana ukiwa mbele yangu hautatoka. Tangu utotoni nilipokuita Baba, kwa Kiswahili, nilifanya makusudi. Aba nilimwekea huyu. Hukuniuliza hata siku moja, nami naona haya. Nilipofika nikamwita, akaitika kama anavyomwitikia kila mchungaji. Halafu akauliza ni nani alinilea. Nikajibu, mama peke yake. Nilitaka anihurumie, Baba. Nilikufuta kwa maneno matatu, wewe uliyefuata miraa kule Maua kila alfajiri ili nisome.

Nimekaa na uongo huo siku mbili. Leo asubuhi nimemfuata kisimani nikamweleza yote, watu wakisikia. Alingoja ng'ombe waliokuwa birikani wamalize kunywa. Kisha akasema, "Kuozesha nitaozesha. Lakini zamu ya kwanza ni ya huyo aliyekulea. Yeye akae mbele yangu."

Nisalimie mama, na jirani yetu Mulki. Lile koti la kijivu lipigwe pasi, ulivae hata kukiwa na joto. Mimi na mzee tutafika Jumanne jioni, Mungu akipenda. Nitaita mlangoni kwa sauti kubwa, kwa sababu ya hayo masikio. Ukisikia aba, usigeuke kumtafuta mzee Sharamo. Itika.

Ni mimi mwanao,
Tari