Safari za Shukri Kwenye Mizabibu

Cape Town, 9 Februari 2024

Aabo mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullah. Mguu wako unaendeleaje? Joto la Garissa lisikutese. Mimi mzima, alhamdulillahi, na unaona sijasahau Kiswahili chako cha darasani.

Umeuliza kazi yangu hasa ni nini. Napanga safari za siku moja. Wageni wanatoka mjini asubuhi, wanazunguka mashamba ya mizabibu huko nje, jioni wanarudi. Mimi ndiye ninayeamua waanzie shamba lipi, wale wapi mchana, dereva awafuate saa ngapi. Kila upande ni milima, Aabo. Ungepapenda.

Mwambie dada yangu Sadia harusi yake siikosi.

Binti yako,
Shukri

Garissa, 2 Machi 2024

Binti yangu Shukri,

Wa aleikum salaam. Mguu unavumilika. Dada yako ataipiga picha barua hii akutumie, kama kawaida.

Yako niliwasomea wazee baada ya swala ya alasiri. Wamefurahi sana. Mzee Kadar, baba yake Abdilatif atakayemwoa Sadia, akauliza, "Hizo zabibu wanazikausha au wanaziuza mbichi?" Nikakosa jibu, mwalimu mzima! Niandikie upesi nimweleze.

Baba yako,
Diriye

Garissa, 11 Mei 2024

Shukri,

Salaam. Mto umefurika, barabara ya Nairobi imekatika, lakini habari zinapita tu. Machi ulinyamaza, Aprili ukanyamaza, hata Idi ikapita.

Juzi Mzee Kadar alikuja nyumbani na simu mkononi. Ndani kuna picha yako, umesimama nyuma ya meza, mbele yako glasi saba. Akaniuliza, "Mwalimu, zabibu zenyewe ndizo hizi?"

Nijibu kwa mstari mmoja. Unakunywa?

Baba yako

Cape Town, 12 Mei 2024

Aabo,

Sijaonja hata tone, wallahi.

Huo ndio mstari wako. Mingine nivumilie. Zabibu zinakamuliwa mvinyo, na wageni wanakwenda kuuonja, shamba hadi shamba. Majina yake nimeyajua kwa kusoma na kuuliza. Mgeni akitaka kujua upi mzuri, namtazama usoni aliyekwisha kunywa, kisha namjibu. Kazi nyingine sikupata, na kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa kwenye hii. Ulipouliza habari ya kukausha nilishindwa kukudanganya, nikashindwa pia kusema kweli. Ulikuwa umefurahi mno.

Leo nimeacha kazi. Tiketi ninayo. Nitafika siku nne kabla ya nikaha, nimwapie Mzee Kadar mwenyewe.

Binti yako,
Shukri

Garissa, 17 Mei 2024

Shukri, mwanangu,

Usije.

Mimi nakuamini. Nilimsomea Kadar barua yako yote. Akasema, "Mwalimu, na mimi naamini. Lakini soko zima nitalisomea barua?" Abdilatif alikuwepo, akainama tu. Sadia amelia siku mbili. Alichoniambia ni kwamba ukionekana hapa, yeye haolewi. Usimchukie. Amemngoja kijana huyu miaka mitatu.

Jana wazee wa kwao Abdilatif walikuja kupanga shughuli ya harusi. Mmoja, ametoka Ijara, hatujui, akaniuliza nina mabinti wangapi. Kadar alikuwa ananitazama. Chai ilikuwa mkononi mwangu.

Nilisema mmoja.

Tangu jana nataka kuirudisha kauli hiyo na sijui niirudishe kwa nani. Barua hii sikumpa Sadia. Nimeipiga picha mwenyewe, kama haisomeki unisamehe.

Aabo

Cape Town, 3 Juni 2024

Aabo,

Asalaam aleikum. Inasomeka.

Nasikia harusi ilijaa. Mungu awape kizazi chema. Simchukii Sadia, mwambie, au usimwambie.

Tiketi nimeirudisha. Bila kazi nilikuwa nimebakiwa na wiki tatu za kukaa nchi hii, na pa kwenda sina, kwa hiyo nilirudi kwa mwajiri nikamwomba. Hakuwa amepata mtu. Hakuniuliza kitu, alinipa tu orodha ya wageni.

Huku baridi imeingia, mvua kila siku. Kesho nina watu sita. Nimewapunguzia safari, wataonja mashamba matatu tu, barabara za juu zinateleza.

Mguu uukande kwa maji ya moto. Na usinijibu, Aabo. Mtu akiiona namba yangu kwenye simu yako, atakuuliza ni ya nani.

Shukri