Walivyoizima Sauti ya Kompyuta Yako

Baba,

Huku Chakol umeacha watu wachafu. Kaburi lako halijaota hata nyasi, lakini lazima nikuambie walichofanya.

Siku ya matanga yako, Emojong, mtoto wa shangazi, alikodi spika kubwa kutoka Malaba, kisha akaitoa kompyuta yako chumbani ipige muziki. Ile uliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya soko la Busia, yenye mfumo wa kale ambao hata waliouunda walishautupa. Sauti ilipokataa kutoka, akabonyeza kila kitu alichokiona. Mwingine akaweka kikombe cha pombe ya busaa juu yake, kikapinduka. Wakacheka, Baba. Wewe umelala kwenye sanduku pale pale uani, na wao wanacheka.

Tangu hapo ikawa bubu. Inawaka vizuri, sauti zote za besi ulizoirekodia kwaya naziona, lakini haitoi hata mlio. Nilijaribu kuzihamishia kwenye simu, simu ikazikataa, maana zinafunguka kwa ile programu yako ya zamani tu. Sauti yako haiko popote pengine.

Nikaibeba hadi kwa fundi Busia. Akaziba pua. "Madam, hii ni takataka. Wacha nifute yote niweke mpya." Afute yote! Alisema kama mtu anayepangusa meza. Nikaichukua nikarudi nayo nyumbani bila kumuaga.

Jumamosi nikaifungua mwenyewe. Mende, Baba! Mende waliokufa, wameganda kwenye busaa, na uvundo wa uchachu ukanipanda hadi kichwani. Nikajifunga leso puani. Nikakumbuka ulivyokuwa ukifoka: "Sauti haiko hapo kila mtu anachomeka! Hapo radi ilichoma. Sauti iko kwa hii kadi ya chini, na mtu asiiguse."

Nikaigusa. Nikaichomoa, nikaisugua ile sehemu yake ya shaba kwa kifutio cha shule, kama ulivyokuwa ukifanya kwa vifutio vyangu ambavyo hukuwahi kurudisha. Nikaipachika tena. Kwenye mipangilio nikakuta Emojong ameizima kadi hiyo na kuchagua ile iliyoungua. Mjinga wa kutupwa. Nikaiwasha, nikafungua wimbo wa Pasaka.

Kilichotoka kwanza hakikuwa wimbo. Ni wewe, unakohoa, unavuta kohozi kutoka mbali, unatema. Sauti ile ile iliyokuwa ikinifukuza mezani. Kila wimbo uliuanza hivyo, halafu unaniambia, "Hiyo utakata baadaye, mama."

Nilikaa sakafuni, mikono inanuka mende, nikairudia. Nikairudia tena. Nikalia hadi leso ikalowa.

Jumapili kwaya watapata besi yao. Emojong hatakanyaga chumba chako tena, hata aje na shangazi mwenyewe.

Lala sasa, Baba. Na kile kikohozi sitakikata.

Mwanao,
Akinyi